Filta za Juu ya Jiko

Mtaa mzima wa Mapendo ulijua kwamba Jumamosi ile Papa Adalbert angempeleka binti yake kanisani kwa Pejo 504 yake ya zamani, na nusu ya mtaa ilikuwa imejiandaa kucheka. Nusu nyingine haikungoja. Ilianza kucheka siku ile gari lilipovuliwa turubai, kuku wakatimuliwa kwenye kiti cha nyuma, na fundi Damien akaingiza kichwa kwenye injini huku akiguna.

Vicheko havikumgusa Adalbert. Alikuwa na furaha ya kitoto, mzee mzima, anaamka kabla ya jogoo ili apate kulisugua bati la gari kwa kitambaa na majivu. Gari hilo ndilo lililombeba mkewe, Marcelline, siku ya harusi yao kule kwao Kirumba, milimani. Kila vita vilipokuja, Adalbert alikuwa akitoa delco, kile kifaa kinachopeleka moto kwenye plagi, na kuizika ndani ya unga wa muhogo. Askari walifika, wakazungusha ufunguo, wakalipiga gari mateke, wakaondoka na mbuzi. Nyumba ya Kirumba iliungua, duka likaporwa, wao wenyewe wakaishia Goma kupanga vyumba viwili juu ya mawe ya volkano. Gari likabaki.

Na sasa Jolie, mtoto wao wa pekee, alikuwa anaolewa. Gauni lilikuwa limekodishwa na upande wa bwana arusi. Keki ilitoka upande wa bwana arusi. Hata viti vya plastiki vya sherehe, mtu akivigeuza, angekuta alama ya rangi ya upande wa bwana arusi. Adalbert alikuwa amebakiwa na jambo moja tu la kumfanyia mwanawe: atoke nyumbani kwao ndani ya kitu cha baba yake. Likimshinda hilo, basi angekuwa mgeni kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, na neno hilo alikuwa amemwambia Marcelline wazi, bila kuona haya.

"Iko kintu moja inakosa," Damien alisema Ijumaa asubuhi, akijipangusa mikono. "Filtre ya huile. Hii yako kutu imeitoboa. Na mu maduka ya Birere hakuna ya Pejo. Tangu mupaka ya Bunagana ifungwe, ma-pièces ya gari haitoke tena Kampala. Iko tu ya Toyota."

Adalbert alitabasamu kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo kwa miaka mingi. Akageukia mlangoni na kuita, "Mama, leta zile."

Mama yake, Mukaka Victoire, alitoka akiburuta kikapu chake cha mbegu. Mukaka ni bibi kwa Kinande, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wale wasiokijua Kinande. Ndani ya kikapu, chini ya mahindi yaliyosukwa kwa maganda yake, alitoa vifurushi vitatu vya majani makavu ya mgomba, vyeusi kwa masizi. Akafungua kimoja. Ndani mlikuwa na boksi la karatasi, na ndani ya boksi filta ya oili, haijaguswa, na rangi yake ya buluu bado.

"Nilinunua kwa yule Mugriki alipokuwa nafunga magasin," alisema Adalbert. "Jolie hajazaliwa. Nikapa mama, nikamwambia, unibikie hizi muzuri."

"Na mimi nikabika muzuri," alisema Mukaka. "Hapana mu kabati, panya iko. Hapana chini, maji iko. Nikaweka juu ya jiko, ku uchaga, pamoja na mbegu. Kila siku moshi. Hata kidudu moja haikuigusa. Na siku ya kukimbia nikachukua mbegu na hizi. Masufuria nikaacha."

Kirumba kuna baridi na ukungu, na kwa watu wa huko kitu cha kudumu mahali pake ni juu ya moto: mbegu za mahindi, maharage ya kupanda, ngoma ya familia. Mwanamke akitaka kukutunzia kitu kwa upendo wake wote atakifukiza moshi. Mukaka Victoire hakuwa amefanya pungufu ya hapo.

Damien aliipindua filta akaitazama mdomo. Pale palikuwa na pete ya mpira mweusi, ile inayobana injini ili oili isitoke. Akaibonyeza kwa ukucha. Ukucha haukuzama.

"Papa Jolie, hii caoutchouc imekauka. Imekuwa kuni."

"Ni neuf, mupya kabisa."

"Ni neuf ya zamani."

"Damien, kintu haiyatumika hata siku moja itazeeka namna gani? Mutu asiyefanya kazi anachoka?"

"Anachoka, muzee. Angalia batu ya bureau." Damien alicheka peke yake, kisha akashusha sauti. "Unisikie. Filtre ya Toyota haiingie kwa Pejo, vis yake, ile ya kukazia, ni ingine. Lakini caoutchouc yake ni kipimo moja na hii. Tununue moja, tuitoe caoutchouc, tuitie hapa. Chuma ni yako, karatasi ya ndani ni yako. Inabadilika tu mupira."

"Mimi nitie mupira ya taksi mu gari ya mariage ya mutoto wangu?"

"Hakuna mutu ataiona."

"Mimi nitaiona," alisema Adalbert, na hapo shauri likafungwa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga walisema, na huyu alikuwa na vipya vitatu.

Damien aliifunga filta ile akinung'unika. Akamimina oili, akatikisa kichwa, akasema mbele ya majirani waliokuwa wamekusanyika kwamba gari hili likiwaka yeye atakwenda Birere kwa magoti. Adalbert akaketi, akafanya ishara ya msalaba, akazungusha ufunguo. Pejo ilikohoa. Ilikohoa tena, ikatoa wingu jeusi lililowapeleka watoto mbio, kisha ikanguruma. Majirani walipiga makofi bila kutaka. Marcelline alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama akiusikiliza mlio ule, na uso wake ukarudi ujana.

"Unaanza sasa, ao unangoja giza?" Adalbert alimuuliza fundi, akimwonyesha barabara ya Birere.

Tatizo la mtu kukosea jambo moja hadharani ni kwamba watu humhesabia makosa hata mahali alipokuwa na haki. Tangu dakika ile, hakuna aliyemsikiliza tena Damien juu ya mpira. Aliponyanyua mfuko wake wa spana na kwenda zake, kwa miguu na si kwa magoti, Adalbert aliinama kutazama chini ya gari. Palikuwa na tone moja la oili juu ya jiwe. Aliliangalia kidogo, akatupa macho huku na huku, akaliwekea kiatu juu.

*

Jioni ilikuja jeep nyeupe ya ofisi, Toyota. Ndani alikuwamo Mama Bibiche, shangazi wa bwana arusi. Rodrigue, kijana mwenyewe, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa wafugaji wa milima ya Masisi ambao vita viliwashusha hadi mtaa wa Katoyi, hapa Goma, bila hata ng'ombe mmoja. Mama yake alifariki zamani, kwa hiyo neno la upande ule lilikuwa la Mama Bibiche, aliyefanya kazi kwenye shirika moja kule Himbi na kutembea na harufu ya sabuni nzuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyezoea kusaidia, na anayesaidia kila siku hufika mahali akasahau kuuliza.

"Papa Jolie, tumefikiri," alisema akiwa bado amesimama, maana kiti alichopewa kilikuwa kile chenye mguu wa mashaka. "Batu ya Kibumba banakimbia vita, barabara itakuwa mbaya. Mutoto aingie mu jeep. Iko na climatisation. Asifike kanisani na jasho."

"Aksanti, mama. Mutoto anatoka kwangu mu kintu yangu."

"Najua. Lakini..." Mama Bibiche alikuwa ameusogelea mlango wa Pejo. Akainama, akaokota kitu kwenye kiti cha nyuma, akakiinua kwa vidole viwili. Ulikuwa unyoya wa kuku. Dereva wake, Nsanzimana, aligeuka upande mwingine ili kicheko chake kisionekane. "Na hii ni ya bibi arusi ao ya bwana?"

Marcelline alicheka kwa adabu. Adalbert hakuweza. Alihisi masikio yake yakiwaka, akaupokea unyoya ule, akautia mfukoni kama mtu anayepokea risiti.

"Jeep inaweza kufuata nyuma," alisema.

"Itafuata," alijibu Mama Bibiche kwa upole uliokata kuliko wembe. "Ikuwe kama ambulance."

*

Jumamosi kulikucha na habari. Mapigano yamekaribia Kibumba, walisema wengine. Yameshafika, walisema wengine. Milango ya chuma ya Birere ilishushwa mmoja baada ya mwingine hadi kusibaki duka lililo wazi, na padri akatuma ujumbe kwamba wafike mapema, kwa sababu yeye mwenyewe hajui saa sita itakuwa na nini. Jirani mmoja aliuliza kama harusi isingeahirishwa.

"Ingengojaka vita iishe," Marcelline alimjibu, akifunga kilemba, "hakuna mutu mu Goma angekuwa ameoa."

Akina mama walitandika vitenge kutoka mlangoni hadi garini. Ndiyo desturi ya ukoo wao: bibi arusi akishavuka kizingiti cha baba yake, mguu wake haugusi ardhi mpaka mlango wa kanisa, na pale upande wa mume ndio humtandikia vitenge vya kushukia. Jolie alitoka akiwa ameshika gauni kwa mikono miwili, akatembea juu ya maua na ndege wa vitenge, akapigiwa vigelegele, akaingia. Mukaka Victoire akaketi kulia kwake na Marcelline kushoto. Mbele alikaa Adalbert peke yake, ndani ya suti iliyombana kwapani, ameshika usukani.

Wakaondoka. Mpiga picha alitangulia kwa pikipiki, amekaa akitazama nyuma na kamera begani. Nyuma yake Pejo, taa zake zikiwaka na kuzimika. Nyuma ya Pejo jeep nyeupe. Nyuma ya jeep, teksi na pikipiki za majirani, kila mmoja amelalia honi. Wale waliokuwa wamejiandaa kucheka walisahau. Gari la zamani lilikuwa linang'aa, limefungwa utepe mweupe kutoka kioo hadi kioo, na wazee walisimama vibarazani na kuvua kofia. Mmoja alipiga kelele, "Cinq-cent-quatre," kwa sauti ya mtu aliyemwona rafiki wa ujana.

"Papa, uko unapita mbio," alisema Jolie, akicheka.

"Ni gari inaenda, hapana mimi."

Kwenye barabara ya Rutshuru walikutana na watu wa Kibumba. Walikuwa wanateremka kwa mamia, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, watoto mgongoni, na kwa namna fulani barabara ikajigawa: wakimbizi upande huu wakishuka, harusi upande ule ikipanda. Adalbert aliacha kupiga honi. Aliona haya. Lakini mama mmoja aliyebeba furushi alisimama, akamtazama Jolie dirishani, akatupa kigelegele kirefu, na wenzake wakakidaka. Kigelegele kikakimbia barabara nzima, kutoka godoro hadi godoro. Adalbert akapiga honi tena, macho yakiwa yamelowa.

Hapo ndipo taa nyekundu ya oili ilipowaka.

Aliiona, akajifanya hakuiona. Ikazimika, ikawaka, ikabaki imewaka. Alijua maana yake vizuri: oili imekwishia njiani, na injini ikiendelea hivyo itajikaanga yenyewe na kufa. Akizima, ni aibu mbele ya watu wote. Asipozima, gari lililoponea vita vyote litauawa na harusi. Adalbert alipeleka Pejo kando, akazima. Nyuma yao, kwenye vumbi, mstari mweusi ulikuwa umewafuata kutoka mbali.

*

Alitoka, akafungua boneti. Oili ilikuwa inachuruzika kwenye filta ya buluu, ya moto, na ile pete ya mpira ilikuwa imetokeza kipande kando, imepasuka. Imekuwa kuni. Maneno ya Damien yalimrudia yote, hata lile la watu wa ofisi.

Alipopiga goti ili achungulie chini, mkono ulimshika bega. Alikuwa yule mama wa kigelegele. Alikuwa ameshusha furushi, na kutoka ndani alitoa turubai jeupe.

"Muzee, usiharibu suti," alisema. "Lala hapa juu. Mimi ni Mukamugema. Usiku ndio nitaihitaji, hapana sasa."

Adalbert akalala juu ya turubai la mkimbizi, na suti yake. Alitazama, akatoka, na jambo likawa lile lile. Kwa wakati huo jeep ilikuwa imesimama, na Mama Bibiche alikuwa anakuja, viatu vyake virefu vikitafuta njia katikati ya mawe. Hakusema "nilikuambia". Angesema ingekuwa nafuu.

"Jolie, shuka mama," alisema, akifungua mlango wa Pejo. "Ingia mu jeep. Padri hatangoja."

Jolie alimtazama baba yake. Mpiga picha alikuwa bado anapiga, mjinga yule. Adalbert aliitazama filta. Alikuwa na neno la kusema, alikuwa nalo tangu jana, lakini kiburi kilikuwa bado kinalizuia, na mwanawe alikwisha kukusanya gauni ili ainuke.

"Ashuke akanyage wapi?" aliuliza Mukaka Victoire kutoka ndani.

"Tutamutandikia kitenge, mukaka."

"Kitenge ya kushukia iko ku kanisa. Bibi arusi akishuka njiani, na ndoa yake atashuka njiani."

"Basi tumubebe," alisema mtu kutoka nyuma.

"Mufu ndiye anabebwaka barabarani," alisema Mukaka, na hakuna aliyerudia wazo hilo.

Mama Bibiche alibaki ameshika mlango. Adalbert alimwona akibadilika usoni, kama mtu anayesikia sauti ya nyumba aliyotoka. "Hata kwetu," alisema polepole. "Hata kwetu Masisi. Siku yangu mimi, mto ulijaa. Walinikalisha mu kipoyi, ile kiti ya kupandisha mabegani, hadi maji ikapunguka. Sikukanyaga." Akaurudisha mlango. "Basi atashuka namna gani?"

Ndipo neno lile likamtoka Adalbert, lote kwa mara moja.

"Mama Bibiche, caoutchouc ya filtre ya jeep yako inaingia kwa yangu. Ni kipimo moja. Fundi aliniambia jana nitie ya Toyota, nikakataa, juu ya kiburi. Na madukani leo imefungwa yote. Ninakuomba. Kama unakataa, nitaelewa."

Nsanzimana, dereva, alikuwa ameshafika. "Mama, jeep ni ya bureau. Nikitoa filtre haitaweza kutembea. Itabaki hapa."

Watu walikuwa wamezunguka, majirani na wakimbizi pamoja. Adalbert aliingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kujifuta jasho, akatoa ule unyoya wa kuku. Mama Bibiche aliuona. Aliutazama unyoya, akamtazama mwenye unyoya, mikono imejaa oili na tai imegeukia begani, kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika bati la Pejo ili asianguke.

"Nsanzimana," alisema alipopata pumzi, "fungua."

"Na bureau?"

"Bureau nitaiona siku ya kwanza ya kazi. Utabaki na jeep, nitakutumia nyama. Kama mutoto hawezi kushuka, caoutchouc ishuke."

Basi ikawa kazi. Adalbert alivua mkanda wake wa suruali, akauzungushia filta ya jeep, akavuta. Suruali ilitaka kumwaibisha, Marcelline akaishika kwa nyuma bila kusema neno, na watu wakacheka kicheko kizuri. Mukamugema alichomoa sufuria kwenye furushi lake na kukinga oili ya jeep isimwagike. Pete ilitoka laini, nyeusi, inarudi umbo ikibanwa. Ile ya zamani ilitoka vipande vipande, na Adalbert akavitia mfukoni pamoja na unyoya. Akapangusa mdomo wa filta ya buluu kwa kona ya utepe wa harusi, akapachika pete ya jeep, akaipaka oili kwa kidole. Ilikaa kana kwamba walizaliwa nyumba moja. Akaikaza kwa mikono miwili, akamimina oili ya sufuria kwenye injini, akaingia, akazungusha ufunguo.

Pejo ikanguruma. Taa nyekundu ilisita kidogo, ikazimika. Mukamugema, akiwa ameinama chini ya gari, aliinua mkono: hakuna tone. Mkimbizi mmoja alirusha kofia.

"Mimi ninakaa mbele," alitangaza Mama Bibiche, na bila kungoja ruhusa akaingia, akakusanya nguo yake ya hariri, akanyoosha mkono mbele ya Adalbert na kubonyeza honi yeye mwenyewe, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Adalbert alimpa Mukamugema turubai lake kupitia dirishani na kumwambia sherehe iko Katoyi, waulize kwa Mama Bibiche, waje wote. Mama Bibiche aligeuka, akafikiri juu ya sahani zake, akasema, "Muje."

*

Walikuwa wameanza kukata kona ya Katoyi Jolie alipoinua pua.

"Papa, nini iko nanuka?"

Adalbert naye alikuwa ameisikia. Moshi. Ulikuwa unaingia kwenye matundu ya mbele, kidogo kidogo, wa joto, na akajua kwamba sasa kweli injini inaungua. Mguu wake ulikuwa tayari juu ya breki wakati mkono mkavu ulipomshika bega kutoka nyuma.

"Usisimame," alisema Mukaka Victoire. "Siyo moto. Ni jikoni."

"Jikoni gani, mama?"

"Yetu. Ya Kirumba."

Adalbert alinusa tena, na ilikuwa kweli. Oili ya moto ilikuwa inapita ndani ya filta ile, na filta ilikuwa inakitoa nje kile kilichoingizwa ndani yake kwa miaka yote hiyo: moshi wa mti wa mkaratusi, maharage yaliyokaa motoni tangu asubuhi, mahindi mabichi yaliyochomwa, mvua ikigonga bati. Nyumba ile ilikuwa majivu. Uchaga ulikuwa majivu. Lakini harufu yake ilikuwa imekuja harusini.

Marcelline alikuwa analia waziwazi, na alikuwa anatabasamu. Jolie alilaza kichwa kwenye bega la bibi yake, pamoja na shela na maua yake, akafumba macho kama alivyokuwa akifanya utotoni kwenye kigoda karibu na moto. Mama Bibiche aliwatazama mmoja mmoja. Yeye hakuwahi kufika Kirumba. Lakini alitoka kwenye nyumba yenye moshi naye, kule Masisi, nayo haipo tena. Taratibu, bila kuulizwa, alizungusha mpini na kufunga kioo cha upande wake ili harufu isitoke.

Kanisa lilikuwa pale. Rodrigue alikuwa amesimama kizingitini, kashika kola, anatazama barabara kama mtu aliyekwisha kuagana na matumaini, na alipoiona Pejo alipunga mikono yote miwili. Dada zake walianza kutandika vitenge, kimoja baada ya kingine, hadi mahali mlango wa gari utakapofunguka. Kwaya ilianza. Padri alitazama saa yake, akatazama upande wa Kibumba.

Adalbert alipunguza mwendo. Alikuwa anatafuta mahali pa kusimama sawasawa na vitenge aliposikia sauti nyuma ya sikio lake, ndogo, ya mtoto kabisa.

"Papa. Zunguka kwanza mara moja."

Aliwatazama wote waliokuwa wakingoja. Akakata usukani, akapiga honi, na kulizunguka kanisa.